Mfungo wa Ndugu Jordan

Jumapili, 12 Desemba 2004

Mume wangu ameondoka saa kumi alfajiri kurudi Houston, na mto wake bado unanukia yeye. Mume wangu! Ni mwezi wa nne tangu harusi na bado nikiandika maneno hayo nacheka peke yangu kama mtoto aliyefichiwa peremende. Jina lake ni Kigen. Mabega yake ni mapana, mikono yake ni laini kuliko yangu, na akinitazama nasahau nilichotaka kusema.

Amepata kazi ya unesi katika hospitali moja huko Houston, mwendo wa saa nne kwa gari. Mimi nimebaki hapa Carrollton kwa sababu mkataba wa nyumba unaisha Machi. Kwa hiyo kila baada ya wiki mbili nampata kwa siku mbili, na siku hizo sipepesi macho. Siku nyingine zote napika chakula cha mtu mmoja. Karatasi zangu haziniruhusu kufanya kazi. Nawasha televisheni asubuhi ili nyumbani kuwe na mtu mwingine anayeongea.

Leo kanisani Mchungaji Absalom alinisimamisha mlangoni. "Sister Fiona, wewe umesoma Malindi. Kiswahili chako kinateleza, si kama chetu sisi wa Vihiga. Kanisa la Emau linatimiza miaka kumi Februari. Tuandikie historia yetu, usome siku hiyo mbele ya watu."

Nilikubali kabla hajamaliza. Nilikuwa nimengoja mtu yeyote aniombe kitu chochote.

Jumanne, 14 Desemba

Mvua. Simu ya Kigen, fupi. Ananipenda.

Alhamisi, 16 Desemba

Leo Mama Pelagia amenisimulia. Ni mtu wa Bukoba, mnene, mkali, sauti yake inafika kabla yake. Ndiye msimamizi wa Mlo wa Jioni, ile huduma ya kila Ijumaa: anayekuja kutoka kwetu bila kitu, awe Mkenya, Mkongo au Mtanzania, anapewa chakula cha moto, blanketi, sufuria na mtu wa kumpeleka hospitali. Hata mimi nilipofika Agosti blanketi langu lilitoka kwao.

"Yote hayo ni Ndugu Jordan," alisema, akikata vitunguu kana kwamba vimemkosea. Februari ya mwaka 1995 Waswahili wa hapa hawakujuana. Kila mtu na zamu yake, kila mtu na mlango wake. Jordan alikuwa kijana wa ghala la mikate. Mwezi ule wote alipika kila magharibi, akaacha mlango wazi, na aliyesikika akiongea Kiswahili kwenye ngazi aliitwa ndani ale. Yeye mwenyewe alikuwa hajala tangu alfajiri. Mwisho wa mwezi alishikwa na kifua, akafa. Waliokula kwake walimzika, na baada ya kuzika wakashindwa kuagana. Wakasema Jumapili tukutane tena. Hilo ndilo kanisa.

"Ndiyo maana kila Februari tunafunga kama yeye. Mfungo wa Ndugu Jordan. Utaona, mwanangu, utakonda, mumeo atalalamika."

Mama Pelagia mwenyewe hakumkuta hai. Aliyeishi naye ni Mzee Bisimwa, Mkongo, ambaye sasa yuko Sharpstown, Houston. Nitamwona nikienda kwa Kigen.

Kwa maadhimisho watampandishia kaburini jiwe jipya. Limeshaagizwa: msalaba mkubwa, na chini yake, JORDAN, MKRISTO WA KWANZA WA EMAU. Nililia kidogo. Mama Pelagia akasema ni vitunguu.

Ijumaa, 24 Desemba

Kigen yuko kazini Krismasi yote. Alinipigia akipiga kelele: theluji imeanguka Houston! Wagonjwa wake wazee wanasema hawajaona kitu kama hicho. Alifungua dirisha akanyoosha simu nje. "Sikiliza, babe." Theluji haina sauti. Nilisikiliza mpaka akasema vidole vimeganda.

Jumamosi, 25 Desemba

Nilidhani leo nitakaa na televisheni. Saa sita honi ikalia nje: Mama Pelagia. "Vaa viatu!" Nyumbani kwake jiko lilijaa akina mama wa Mlo wa Jioni, mvuke mpaka kwenye madirisha. Walinipa kazi ya kusukuma chapati na jina jipya, Bibi Harusi wa Simu.

"Jamani, mwacheni, leo amebusiwa na Nokia."

"Na bado ana haya!"

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Waliponirudisha nilikaa ndani ya nyumba yangu na koti bado mwilini, sikutaka kulivua, lilikuwa na harufu ya watu.

Jumapili, 2 Januari 2005

Hakuja. Wamemwongezea zamu. Nimepiga pasi mashati yake yote, hata yaliyokuwa yamepigwa.

Jumatano, 5 Januari

Baridi. Hakuna jipya.

Jumamosi, 15 Januari, Houston

Nimekuja kwa basi na naandika juu ya kitanda cha Kigen, chumba kidogo, dirisha moja, na mimi malkia wake. Alinipokea stendi na ua la waridi lililofungwa kwenye plastiki ya kituo cha mafuta. Ningelila ua hilo.

Lakini sasa yeye amelala akiwa amenigeuzia mgongo, na ni lazima niandike yaliyotokea.

Mchana alinipeleka Sharpstown kwa Mzee Bisimwa. Kigen alikuwa ametoka zamu ya usiku, akasinzia kwenye kochi kabla chai haijaja. Mzee ni mwembamba, mcheshi, anavaa tai ndani ya nyumba. Nilipotaja Jordan alipiga makofi.

"Eeh mama! Ule alikuwa muntu ya Mungu. Mwezi muzima hakula muchana, hata maji hapana! Mimi ni Mukristo ya kuzaliwa, nilijaribu naye siku mbili, nikashindwa. Jioni anakula tende kwanza, tatu, alafu uji, alafu anaita watu."

Niliandika, tende, uji. Nikatabasamu. Kwetu Malindi jirani zetu walifuturu hivyo hivyo.

"Na maombi! Mbele ya kuomba ananawa. Mikono, kinywa, mapua, mpaka miguu. Nikamwuliza, ndugu, ni kama Musa mbele ya kichaka? Akacheka, akasema karibu hivyo. Alafu anatandika taulo, anainama mpaka kichwa inagusa chini. Mara tano kwa siku, mama! Sisi kule Bukavu, mara mbili, vraiment, kweli, tunajisifu."

Kalamu ilisimama.

"Mzee, alikula nguruwe?"

"Hapana! Alisema tumbo yake haipendi."

"Na siku ya kufa?"

Uso wake ukalainika. "Nilikuwa naye ku hopitali. Aliinua kidole moja, hivi." Akanyoosha kidole cha shahada cha mkono wa kulia. "Akasema kwa lugha. Mimi sijapata hiyo karama hata leo. Yeye aliipata akiwa anakufa."

Kidole hicho nilikiona utotoni. Baba yangu, Kalume, ni mzee wa kanisa, lakini jirani yetu alipofariki mlango ulikuwa wazi na mimi mtoto nilisimama pale. Najua kidole kile. Najua maneno yale hayakuwa lugha ya Roho bali Kiarabu, na kwamba alikuwa akimaliza maisha yake sawasawa kama alivyofundishwa.

"Mzee, Jordan ndilo lilikuwa jina lake?"

"Mama, ile wakati kila muntu alikuwa na jina ya kazi. Mwenye karatasi anakuazima karatasi. Mimi nilikuwa Parfait miaka mbili. Yeye, jina ya Jordan ilikuwa ku badge ya kazi, ku hopitali, basi tukaandika ku kaburi. Ile ingine hakusema, na hatukuuliza. Kuuliza ilikuwa hatari."

"Alisema anatoka wapi?"

"Siyu. Baba yake alishona viatu ya ngozi. Yeye alikuja na meli, ikamuacha hapa."

Siyu, kisiwa cha Pate, kwa Waislamu watupu! Ni kama mtu akwambie anatoka Roma, kisha umwulize kama ni Mkatoliki. Lakini Bisimwa wa Bukavu angejuaje? Mama Pelagia wa Bukoba? Walimwona mtu anafunga, anaomba, analisha wageni, ana jina la mto ambamo Yesu alibatizwa. Wakaona Mkristo kuliko wao wote.

Sikumwambia mzee. Alikuwa na furaha mno. Alinisindikiza mpaka garini, akaniambia yeye ndiye aliyechagua jina la Emau, kwa sababu ya mgeni yule wa Injili ambaye hawakumtambua mpaka alipomega mkate jioni.

Nilimwambia Kigen njiani. Alizima redio.

"Una uhakika?"

"Kigen, wamemzika Muislamu chini ya msalaba, na sasa wanataka kumwekea mkubwa zaidi. Na kwao hawajui kama amekufa."

Alipita taa mbili za barabarani. "Fiona, usianze. Hao watu ndio tuko nao. Nani alikupa blanketi? Ukiugua usiku na mimi niko huku, utampigia nani? Andika tu vile wanataka. Huyo jamaa ameshakufa miaka kumi, hajali."

"Angekuwa wewe ningejali mimi."

Ni mara ya kwanza amelala bila kunishika mkono. Nampenda hata akikosea, na leo kupenda huko kumenichosha.

Jumatatu, 17 Januari

Basi la kurudi. Ukungu njia nzima.

Jumanne, 1 Februari

Mfungo umeanza. Jioni ukumbi ulijaa. Jua lilipozama Mchungaji Absalom alisema, "Kama Ndugu Jordan alivyofanya," na watu wote wakachukua tende, tatu tatu. Watoto wakauliza kwa Kiingereza kama wanaweza kupata pizza badala yake. Nilikula zangu nikiiwaza Siyu.

Alhamisi, 3 Februari

Katika chumba cha kufulia cha hapa chini kuna dada wa Lamu, Kidawa, anayehudumia wazee majumbani. Tumekuwa tukisalimiana tu, kila mmoja na ndoo yake. Leo nilimwambia yote, katikati ya mashine zikinguruma. Alikunja shuka moja polepole sana.

"Mwaka tisini na tano Ramadhani iliangukia Februari," alisema. "Nakumbuka. Baridi, siku fupi."

"Ni dhambi, walivyomzika?"

"Walimzika kwa walichokijua. Dua inamfikia hata chini ya msalaba. Lakini huyu ana mama, Fiona. Mama yake anajua mtoto ameenda Marekani akamsahau." Akalitia shuka kikapuni. "Mimi nina jamaa Pate. Nipe jina lake."

"Sina jina lake."

"Nipe viatu vya ngozi, basi, na mwaka. Siyu si kubwa."

Ijumaa, 11 Februari

Nimemwambia Mama Pelagia. Nilingoja tuoshe vyombo, wengine wameshaondoka.

Mwanzo alicheka. Kisha alinisikiliza, na mikono yake ikakaa ndani ya maji bila kusogea.

"Unataka kuniambia miaka yote hii nimefunga Ramadhani?"

"Nasema yeye alifunga, Mama."

"Mimi! Katekista wa zamani! Na Ijumaa zetu? Zetu au zao?" Akatoa mikono, sabuni mpaka kwenye viwiko. "Umefika hapa juzi, mtoto wewe. Tulikupokea. Hukuwa na hata kijiko. Leo unataka kutunyang'anya marehemu wetu?"

"Sitaki kumnyang'anya mtu. Nataka jiwe lisiseme uongo."

"Toka jikoni kwangu."

Nilitembea mpaka nyumbani. Hapa hakuna anayetembea. Magari yalipunguza mwendo yakanitazama.

Jumapili, 13 Februari

Kanisani hakuna aliyenitania. Walinisalimu vizuri kabisa, kwa adabu, kama wanavyomsalimu mgeni.

Jumatano, 16 Februari

Simu haijalia. Nimeinua mara kadhaa kusikia kama bado ina mlio.

Ijumaa, 18 Februari

Sikwenda Mlo wa Jioni. Nilifungua mfungo peke yangu, nimesimama karibu na sinki, na nikamfikiria yule kijana. Siku zake za kwanza, kabla hajafungua ule mlango, alikuwa hivi. Alisimama jikoni, jua likazama, akala peke yake, na akasema hapana, kesho sitaweza tena. Nadhani hapo ndipo kanisa lilipoanza. Sijui kama nitaweza kulisoma hilo mbele ya watu.

Jumapili, 20 Februari

Mchungaji Absalom alikuja nyumbani, akakaa ukingoni mwa kiti. Si mtu mbaya, na alikuwa amekosa usingizi. "Sister, nimeomba juu ya jambo hili. Jiwe limeshachongwa. Watu wanatoka mpaka Plano na Oklahoma. Soma historia yote, lakini hapo kwa kunawa miguu, ruka. Tutalizungumza baadaye, wazee kwa wazee."

"Baada ya jiwe kupandishwa?"

Alitazama zulia. "Baadaye."

Nilimpigia Kigen nikamweleza. Akasema ameitwa na mgonjwa. Sikujua nimechukiwa au mgonjwa yupo kweli.

Jumamosi, 26 Februari

Kesho. Nimeandika mara mbili. Historia moja inaruka, nyingine hairuki. Zote mbili ziko mezani na sijui nitabeba ipi.

Jumapili, 27 Februari

Asubuhi funguo ziligeuka mlangoni. Kigen, ndani ya sare za hospitali, macho mekundu, ameendesha kutoka zamu moja kwa moja.

"Sikukwambia nakuja kwa sababu sikujua kama wataniruhusu," alisema. "Mgonjwa wangu aliaga dunia Jumapili ile. Hakuna mtu alikuja. Nilikuwa mimi tu, na sikujua hata kutamka jina lake. Nikakufikiria wewe na yule jamaa." Akanishika uso. "Soma yote. Kama watatuchukia, watuchukie sisi wawili."

Nilimbusu mpaka tukakaribia kuchelewa. Naandika hili bila haya.

Ibada ilikuwa makaburini, kwenye nyasi zilizokufa, upepo unavuta magauni. Jiwe lilikuwa bado juu ya gari la kubebea, limefunikwa shuka jeupe. Mzee Bisimwa alikuwa amekuja, na tai. Mama Pelagia alisimama mbele, amefumba mdomo. Kidawa alisimama mbali, karibu na uzio, mtandio umemzunguka uso. Nilikuwa nimemwalika na sikuthubutu kumwambia mtu.

Nilisoma. Mlango uliokuwa wazi, chakula, tende. Nilipofika kwenye kunawa miguu Mchungaji aliinua kichwa. Nikasoma. Taulo, mara tano, kidole. Siyu. Kisha nikasema bila karatasi, "Ndugu zangu, mtu huyu alikuwa Muislamu. Alikuwa katika Ramadhani. Alitufuturisha."

Mtoto mmoja aliuliza kitu akanyamazishwa. Kigen alikuwa amesimama nyuma yangu, nilisikia pumzi yake.

Mzee Bisimwa alitoka mstarini. Alinijia moja kwa moja, na nilidhani ni hasira.

"Muislamu?" akaniuliza. "Una hakika, mama?"

"Nina hakika, mzee."

Aligeukia lile kaburi la zamani. "Na wewe ulininyamazia! Mwezi muzima nilikula chakula yako, nakuhubiria Yesu kila siku, wewe unaniongezea nyama!" Akaanza kucheka, na machozi yakitoka, na wawili watatu wakacheka naye kwa hofu. Kisha akatugeukia. "Hakuniuliza mimi ni nani. Alisema tu, karibu. Sisi tulimuzika na jina ya muntu mwingine na dini ya muntu mwingine. Ile jiwe, mimi sitaibeba."

Vijana waliokuwa tayari kuliteremsha walimtazama Mchungaji. Mchungaji alimtazama Mama Pelagia. Mama Pelagia akaliendea gari, akavuta shuka likafunika na ile ncha ya msalaba iliyokuwa ikionekana, akalifunga chini kwa fundo.

"Lirudi kwa fundi," alisema. "Achonge upya. Mtuambie jina."

"Bado hatulijui," nikasema.

"Basi litafuteni." Alipopita karibu nami hakusimama. "Bado nimekasirika nawe. Ijumaa uje umenye viazi."

Wengine hawakunisemesha. Familia moja iliondoka kabla ya sala ya mwisho na nadhani hawatarudi. Kidawa alisogea mpaka kaburini, akainua viganja. Mchungaji Absalom alivua kofia.

Jumanne, 1 Machi

Kigen amerudi Houston. Nyumba kimya, maboksi.

Jumapili, 6 Machi

Kidawa aligonga mlango asubuhi, kadi ya simu mkononi, hakukaa. Jamaa yake wa Pate amewapata. Baba mshona viatu alikufa. Mama yupo. Waliletewa simu ya mkononi mpaka nyumbani, na sasa hivi wanangoja.

Kidawa aliongea kwanza, kwa lahaja yao, polepole. Nilisikia jina likitajwa upande wa pili, mara mbili: Bwanaheri. Kidawa akanikodolea macho, akaitikia kwa kichwa: ndiye. Akasema maneno ambayo mtu husema kwenye msiba. Kisha, dakika za kadi zikikwisha, akanipa simu. "Anataka yule aliyeuliza."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Sauti nyembamba, haikulia. Nadhani alikuwa amemaliza kulia zamani, kwa sababu isiyo sahihi. "Niambie kimoja tu. Alipokuwa anakufa, na alipotiwa mchangani. Kulikuwa na watu?"

"Walikuwapo, mama," nikamwambia. "Na hadi leo wapo."